Kumpiga picha pomboo ili umjue ukimwona tena

Wageni wengi wanaokuja Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hutaka picha ya pomboo akiruka. Wapige, ni ukumbusho mzuri. Lakini picha ile haikuambii ni pomboo gani aliyeruka. Mimi naendesha boti hapa Mkunguni, na nilipoanza kuwachukua watafiti nikajifunza kutazama sehemu moja tu: pezi la mgongoni, na zaidi ule ukingo wake wa nyuma. Pomboo huumana kwa meno, nyuzi za jarife, yaani wavu wa kutega samaki wakubwa, huwakata, na palipokatika ukingoni hapajai tena. Wengine pezi lao limechanika kama pindo la kanga kuukuu. Alama zile hukaa na mnyama miaka na miaka, na kwa hizo unaweza kumwita kwa namba yake leo na ukamwita tena baada ya kaskazi kumi.

Nawaandikia vijana wenzangu wa boti. Mtafiti huja kwa msimu, sisi tuko baharini kila bahari inaporuhusu.

Kamera iwe na lenzi ya kuvuta mbali, milimita 300 kwenda juu. Kasi ya kupiga isipungue 1/1000 ya sekunde, kwa sababu pezi huonekana kitambo kidogo mno na boti nayo inayumba. Weka kamera ipige mfululizo. Saa ya kamera ilingane na saa ya GPS au ya simu kabla ya kung'oa nanga, vinginevyo jioni hutajua picha ipi ilipigwa wapi. Ukimaliza kundi moja, piga picha ya ukurasa wa daftari lako, ndipo uende kundi jingine. Picha ile ya daftari ndiyo itakayotenganisha makundi.

Sasa kukaribia, na hapa nawaomba mnisikilize sana, maana kazi yote imesimama hapa. Usiwaendee uso kwa uso, wala usiwakate njia, wala usipite katikati yao. Njoo kwa ubavuni, nyuma kidogo, kisha nenda nao sambamba kwa mwendo wao, mita 50 hivi. Usibadilishe kasi ya mashine ghafla. Ukiwa umetulia, wao wenyewe watasogea, na utapata pezi kwa ubavu kamili, jua likiwa mgongoni kwako. Pezi lililopigwa kwa mshazari halifai: pengo huonekana dogo kuliko lilivyo, au halionekani kabisa.

Wakiwa wamekusanyika karibu karibu, wanakwenda polepole, wanazama na kuibuka pamoja bila pupa, hao wanapumzika. Waache. Utafiti uliofanywa hapa hapa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kula na kupumzika, wakazidisha kusafiri. Ukikuta boti mbili ziko nao tayari, kaa mbali usubiri zamu. Na mtu asitumbukie majini mbele yao ili wewe upate picha.

Piga kila pezi linaloibuka, ubavu wa kushoto na wa kulia. Kuna tabia ya kumfuata yule mwenye alama kubwa kwa sababu ni rahisi kumjua, na wale wenye mapezi safi wakasahauliwa. Hesabu ikifanywa hivyo inapotoka. Watoto nao mapezi yao huwa safi, hivyo mtoto utamjua kwa mama anayeandamana naye. Ukiona mistari ya wima iliyopauka ubavuni mwake, hiyo ni mikunjo ya kukaa tumboni mwa mama: kazaliwa karibuni. Andika.

Daftarini tia saa ya kuondoka na ya kurudi, hali ya upepo na mawimbi, mahali ulipowaona, wachache zaidi wangapi na wengi zaidi wangapi, na walikuwa wanafanya nini. Siku uliyotoka ukazunguka mpaka kisiwa cha Pungume usione hata mmoja, andika vilevile. Vijana wengi huitupa siku hiyo. Bila siku tupu, hakuna atakayejua kama pomboo wamepungua au boti ndizo zilizotoka mara chache.

Kupanga picha ni kazi ya nyumbani na inataka subira. Tupa zenye ukungu na za mshazari. Zilizobaki, kuza pezi kwenye kompyuta na ulilinganishe na kila pezi la katalogi, yaani mkusanyiko wa picha za pomboo waliokwisha kupewa namba, ukianzia pengo la juu kushuka chini. Awepo mtu wa pili athibitishe bila kuambiwa jibu lako. Msipokubaliana, picha hiyo msiitie.

Hesabu yenyewe ya kukadiria pomboo wote ni wangapi hufanywa hivi kwa ufupi. Tuseme safari za kwanza mmewatambua pomboo 30. Safari za pili mmewatambua 40, na 20 kati yao ni wale wale wa mwanzo. Zidisha 30 kwa 40, gawa kwa 20, unapata 60. Watafiti hutumia hesabu ndefu zaidi, lakini mzizi ndio huo. Kwa njia hii, kati ya 1999 na 2002, walikadiria pomboo 136 hadi 179 wa aina tunayoizoea hapa, ambayo wataalamu huiita Tursiops aduncus, na 58 hadi 65 tu wa aina ya pili, pomboo wenye nundu mgongoni. Wazee wetu waliwawinda pomboo wapate chambo cha kuvulia papa mpaka miaka ya 1990. Sasa anayewamaliza ni jarife. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya mwingine, basi majike wawili watatu wakinasa kwa mwaka, kundi dogo kama hili linaumia.

Nyangumi wa nundu wanaopita wakati wa kusi, kuanzia Julai, hutambuliwa kwa upande wa chini wa mkia. Ukiupata mkia umeinuka, pakia picha kwenye Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, italinganishwa na za bahari nyingine.

Pomboo akifa wavuni au akitupwa pwani, mpige picha pezi pande zote mbili, rula ikiwa kando yake, kisha mpime urefu kutoka ncha ya mdomo hadi pale mkia unapogawanyika. Tazama kama ni dume au jike. Mvuvi aliyemleta usimgombeze. Akiona aibu, pomboo mwingine akimnasa atamkata na kumtupa huko huko baharini, na namba yake itabaki katalogini kana kwamba yu hai. Mshukuru, mwulize alitega wapi na saa ngapi, na upeleke picha kwa kamati ya uvuvi na Taasisi ya Sayansi za Bahari siku hiyo hiyo.