Maabara ikiandika "<1": namna ya kuhesabu kilicho chini ya kikomo

Weka vumbi la dhahabu kwenye mizani isiyosoma chini ya gramu 0.1: itaonyesha sifuri, na vumbi lipo palepale. Majibu ya maji yanayosema "<1" ni hivyohivyo. Zebaki huenda ipo, ila iko chini ya kikomo, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ya maabara inaweza kukipima. Tuchukue visima tisa karibu na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) ya Chunya (namba nimezitunga), kwa mikrogramu katika lita:

<1, <1, <1, <1, 1.2, 1.6, 2, 3.5, 8

Hatua ya 1. Tengeneza safu mbili: moja ya namba ("<1" iandikwe 1), nyingine ya TRUE kwa iliyo chini ya kikomo, FALSE kwa iliyopimika. Usifute sampuli. Ukiziondoa hizo nne, wastani unaruka hadi 3.26 na unatisha watu bure.

Hatua ya 2. Usijaze nusu ya kikomo mahali pa namba zilizofichika chini yake. Wengi tumefundishwa hivyo, nami nilifanya kwa miaka. Kisha nikalinganisha misimu miwili ya mto mmoja. Katikati maabara ilibadili mashine, kikomo kikashuka kutoka 1 hadi 0.2, kwa hiyo nusu zangu zikatoka 0.5 zikawa 0.1. Grafu ikasema uchafuzi umepungua mara tano, na nikawaambia wanakijiji hivyo. Kumbe kilichopungua ni kikomo. Kuhusu mto wenyewe sikuwa na ushahidi wowote. Ilinibidi nirudi kuwaeleza, na watu walikuwa wameshaanza kunywa maji yake.

Hatua ya 3. Anza na mediani, namba ya katikati. Hapa ni ya tano, 1.2. Zile nne ziwe 0 au 0.9, jibu halitikisiki, mradi zilizofichika hazifiki nusu.

Hatua ya 4. Ukihitaji wastani, tumia R (programu ya takwimu) na kifurushi chake cha NADA:

library(NADA)
x <- c(1,1,1,1,1.2,1.6,2,3.5,8)
chini <- c(rep(TRUE,4), rep(FALSE,5))
mean(ros(x, chini))

Amri ya ros huchora mstari kupitia logi (logarithm) za namba zilizopimika, kisha hukadiria zilizofichika kwa kuufuata. Sampuli tisa ni chache. Kadiria kwa tahadhari. Vikomo vikiwa vingi, jaribu pia cenfit, inayotumia njia ya takwimu iitwayo Kaplan-Meier. Zilizofichika zikizidi asilimia 80, achana na wastani, taja idadi tu.

Kisima chenye 8 kimevuka 6, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki katika maji ya kunywa. Hicho hakisubiri hesabu. Kitaje kwenye mstari wa kwanza wa ripoti.