Jinsi ya kutatua migongano ya matoleo unapopeleka vifurushi vya Integration Services kwenye seva

Hali inayoshughulikiwa na mwongozo huu inafahamika kwa kila anayefanya kazi ya data hapa Lubumbashi. Kifurushi cha SQL Server Integration Services (SSIS), chombo cha Microsoft cha kuhamisha data, kimetengenezwa kwenye kompyuta ya ofisini, kimejaribiwa mara kadhaa, na kinasoma faili za Excel za mizani ya malori na kuziingiza kwenye hifadhidata bila tatizo. Kisha kinapelekwa kwenye seva ya mteja Kolwezi, na huko seva inakikataa kwa ujumbe mrefu uliojaa tarakimu na herufi. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300, na mtu atakayelazimika kurudi kuchukua programu aliyoisahau, au kuipakua huko kwa mega za simu, atapoteza siku nzima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa hufanywa kabla ya safari.

Kanuni ya kwanza ni kwamba seva mpya inaweza kusoma kifurushi cha zamani, kwa sababu inakipandisha toleo kwenye kumbukumbu wakati wa kukiendesha, lakini seva ya zamani haiwezi kusoma kifurushi kilichohifadhiwa na chombo kipya kuliko yenyewe. Ofisi nyingi za kwetu zina kompyuta mpya mikononi mwa watengenezaji na seva za zamani kwa wateja, kwa kuwa leseni ya seva ni ghali na hununuliwa mara moja kwa miaka mingi. Kwa hiyo mgongano tunaokutana nao ni karibu sikuzote wa aina hiyo ya pili.

Jambo jingine la kuzingatia tangu mwanzo ni lugha. Seva nyingi za hapa zimewekewa SQL Server ya Kifaransa, na ujumbe unaouona kwenye skrini haufanani kwa maneno na maelezo ya Kiingereza utakayoyakuta ukitafuta msaada. Msimbo wa hitilafu, yaani ile namba inayoanza na 0x, haubadiliki kwa lugha yoyote. Unapopigiwa simu na mtu aliye mbele ya seva akakwambia, «Papa, jana ilitumika, leo inakataa», usimwombe akusomee sentensi. Mwombe akusomee msimbo, herufi moja moja, kisha akutumie picha ya skrini nzima.

Andika matoleo yote kabla ya kugusa kitu

Neno «toleo» linaficha vitu kadhaa, na ubishi mwingi kati ya mtengenezaji na msimamizi wa seva hutokea kwa sababu kila mmoja anataja toleo la kitu tofauti. Chukua karatasi na uandike toleo la injini ya hifadhidata, la kifurushi chenyewe, la programu inayokiendesha, la programu iliyotumika kukipeleka, na la kila draiva, yaani programu ndogo ya kuunganisha na hifadhidata au faili, ambayo kifurushi kinaitegemea.

Toleo la injini hupatikana kwa amri hii:

SELECT SERVERPROPERTY('ProductVersion');

Jibu likianza na 11 ni SQL Server 2012, 12 ni 2014, 13 ni 2016, 14 ni 2017, 15 ni 2019, na 16 ni 2022. Namba hizo hizo, zikiongezewa sifuri, ndizo majina ya folda zilizo ndani ya C:\Program Files\Microsoft SQL Server: folda ya 130 ni ya 2016 na folda ya 150 ni ya 2019. Ukikuta folda kadhaa kwenye mashine moja, ujue kwamba matoleo kadhaa yanaishi pamoja hapo, na hali hiyo ina matatizo yake, ambayo nitayaeleza mbele kidogo.

Toleo la kifurushi halihitaji Visual Studio, kihariri kinachotumika kutengeneza vifurushi, ili lionekane. Faili ya dtsx, yaani kifurushi chenyewe, ni maandishi ya XML. Ifungue kwa Notepad na utafute PackageFormatVersion katika mistari ya mwanzo. Kama ulichonacho ni faili ya ispac, yaani mradi mzima uliofungwa pamoja, nakili faili hiyo, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe zip, uifungue, na utakuta faili za dtsx zote ndani yake. Namba 3 ni ya 2008, namba 6 ni ya 2012, na namba 8 ilianza na 2014.

Namba 8 na mtego wake

Kama kifurushi chenye namba 8 kimepelekwa kwenye seva ya 2012, hitilafu ni ya wazi: seva itatoa msimbo 0xC001700A na kusema kwamba namba ya toleo la kifurushi haiwezi kuzidi namba ya toleo iliyopo. Dawa yake ni kubadilisha shabaha ya mradi, yaani toleo la seva ambalo mradi unalenga. Katika Visual Studio bofya mradi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua ukurasa wa sifa za mradi, nenda kwenye sehemu ya jumla, na ubadilishe TargetServerVersion iwe toleo la seva inayopokea. Fanya hivyo kwenye nakala ya mradi, kwa sababu kushusha toleo hubadilisha faili zote za mradi, na kitu kilichotegemea uwezo wa toleo jipya kinaweza kuharibika bila kukuaga.

Ugumu unaanza pale ambapo 2014, 2016, 2017 na 2019 zote hutumia namba hiyo hiyo 8. Mtu hufungua faili, huona 8, hutazama seva ya 2016 ambayo nayo husoma 8, na huamini kwamba hakuna mgongano. Ganda la kifurushi linakubalika kweli, lakini vipande vilivyo ndani yake vina matoleo yao wenyewe. Kazi ya skripti, yaani kipande chenye msimbo ulioandikwa na mtengenezaji, iliyohifadhiwa kwa shabaha ya 2019 itakataliwa na seva ya 2016 kwa ujumbe unaosema kwamba inatumia skripti ya toleo 15.0 ambayo haikubaliki katika toleo hili la Integration Services. Vipande vya mtiririko wa data vitatoa msimbo 0xC0048021, unaomaanisha kwamba kipande hakipo, hakikusajiliwa, au hakiwezi kupandishwa toleo. Ukiona ujumbe wa aina hii, PackageFormatVersion haitakusaidia tena. Fungua faili ya dtproj, yaani faili ya mradi, kwa Notepad na usome mstari wa TargetServerVersion. Huo ndio unaoeleza mradi ulikusudiwa seva gani.

Baada ya kurekebisha shabaha, fungua kila kazi ya skripti mojamoja, ingia ndani ya kihariri chake, ijenge upya, ihifadhi na kuifunga. Wengi huruka hatua hii kwa kudhani kwamba kubadilisha sifa ya mradi kunatosha, kumbe skripti hubaki na msimbo uliokusanywa zamani. Kama mradi una skripti ishirini, zifungue zote ishirini.

Nieleze hapa kosa lililonigharimu siku mbili, kwa kuwa sijaona likitajwa inavyostahili. Seva ya mteja ilikuwa ya 2016, mradi wangu ulikuwa na shabaha ya 2016, skripti zote nilikuwa nimezijenga upya, na bado seva ililalamika juu ya skripti ya toleo 14.0. Nilikuwa na hakika kwamba sikuwa na kitu chochote cha 2017 katika mradi. Kilichokuwa cha 2017 ni SQL Server Management Studio, programu ya kusimamia seva, niliyotumia kupeleka kifurushi kimoja kimoja: kisaidizi chake cha kupeleka kilikipandisha kifurushi toleo njiani, kabla hakijafika kwenye katalogi, yaani hifadhi ya miradi ndani ya seva. Tangu siku hiyo napeleka mradi mzima kama faili ya ispac, na natumia kisaidizi cha seva yenyewe, ambacho kwa 2016 kipo hapa:

C:\Program Files\Microsoft SQL Server\130\DTS\Binn\ISDeploymentWizard.exe

Ikiwa unashuku kwamba jambo hili limekutokea, toa mradi kutoka kwenye katalogi kama faili ya ispac, ufungue kama nilivyoeleza juu, na ulinganishe dtsx iliyotoka na ile uliyopeleka. Ukikuta tofauti ambazo hukuziandika wewe, umempata mkosaji.

Programu ipi hasa inaendesha kifurushi

Kwenye mashine yenye matoleo kadhaa, amri ya dtexec, inayoendesha vifurushi, ikiandikwa bila njia kamili huitika kwa toleo lolote linalotangulia katika kigezo cha PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Mistari ya kwanza ya majibu yake hutaja toleo na kusema kama ni ya biti 32 au 64. Isome kabla ya kusoma hitilafu yenyewe. Katika faili zako za bechi andika njia kamili daima.

Suala la biti linahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu linajificha kama mgongano wa toleo. Visual Studio 2019 na zilizoitangulia ni programu za biti 32, na Visual Studio 2022 ndiyo ya kwanza kuwa ya biti 64, wakati seva huendesha vifurushi kwa biti 64 isipoambiwa vinginevyo. Draiva ya Excel, inayojulikana kama Microsoft.ACE.OLEDB.12.0, husakinishwa kwa upande mmoja kati ya hizo mbili. Kifurushi kinachosoma Excel kinaweza basi kufanya kazi vizuri ndani ya kihariri kisha kukataliwa na seva kwa msimbo 0x80040154, yaani kitu kinachotafutwa hakijasajiliwa. Katika miji inayoishi kwa migodi, ambako taarifa za uzalishaji bado zinatembea kwa Excel kutoka mikono hadi mikono, hii ndiyo hitilafu nitakayoitafuta ya kwanza. Ama sakinisha draiva ya biti 64 kwenye seva, ama katika hatua ya kazi ya SQL Server Agent, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, chagua kuendesha kwa biti 32. Njia ya kwanza ni bora zaidi. Ya pili inafaa pale ambapo Office ya biti 32 tayari imo kwenye mashine na mwenye seva hataki iondolewe.

Viunganishi na draiva za kuingia kwenye hifadhidata

Viunganishi vya Attunity, vinavyounganisha vifurushi na hifadhidata za Oracle, hufuata toleo la seva kwa ukali: toleo 4.0 ni la SQL Server 2016 na toleo 5.0 ni la 2017, wala kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Kiwe kilekile kwenye kompyuta ya mtengenezaji na kwenye seva.

Draiva ya ODBC 18 ya SQL Server, iliyotoka 2022, inastahili maelezo ya pekee. Tofauti na ODBC 17, yenyewe husimba mawasiliano bila kuombwa na hukagua cheti cha seva, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wake. Seva ambayo haikuwahi kuwekewa cheti kinachoaminika itaonekana kama imekufa ghafla, na ujumbe utasema kwamba mnyororo wa vyeti umetolewa na mamlaka isiyoaminika. Draiva ya OLE DB 19 inafanya vivyo hivyo ikilinganishwa na 18, na jina lake limebadilika kuwa MSOLEDBSQL19, kwa hiyo mstari wa muunganisho wenye jina la zamani hauitambui. Watu wengi huongeza TrustServerCertificate=yes na kuendelea na shughuli zao. Ninawasihi wasiache hivyo kwenye seva yenye mishahara ya watu au hesabu za kampuni: tumieni sifa hiyo kuthibitisha tu kwamba cheti ndicho chanzo, kisha msakinishe cheti halali. Wale ambao vifurushi vyao bado vinatumia SQLNCLI11 wajue kwamba draiva hiyo haimo tena katika SQL Server 2022, na ni afadhali kuibadilisha sasa kuliko siku ya kuhamia.

Kuna hitilafu moja isiyo ya toleo ambayo huchanganywa na za toleo: 0x8009000B. Maana yake ni kwamba nywila zilizomo kwenye kifurushi zilifungwa kwa ufunguo wa mtumiaji aliyekitengeneza, na mwingine hawezi kuzifungua. Badilisha ProtectionLevel ya mradi na ya vifurushi vyote iwe DontSaveSensitive, kisha weka nywila kwenye vigezo vya mazingira ndani ya katalogi.

Kuthibitisha na kurudi nyuma

Kifurushi kikishindwa ndani ya katalogi ya SSISDB, usiridhike na mstari mmoja unaoonyeshwa na SQL Server Agent. Chukua namba ya uendeshaji, uiweke mahali pa 1234, na usome makosa yote kwa mpangilio wa muda:

SELECT message_time, message
FROM SSISDB.catalog.event_messages
WHERE operation_id = 1234 AND message_type = 120
ORDER BY message_time;

Kosa la kwanza katika orodha ndilo la kushughulikia. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu.

Kama kazi ya usiku lazima iendelee na suluhisho halijapatikana, katalogi huhifadhi matoleo 10 ya kila mradi isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio huo. Bofya mradi kwa kitufe cha kulia, fungua orodha ya matoleo, chagua lile lililokuwa likifanya kazi na ulirudishe. Kumbuka kwamba vigezo vya mazingira havirudi pamoja nalo, kwa hiyo ukiwa umevibadilisha, virudishe kwa mkono.

Kabla ya kuondoka kwa mteja, acha kwenye folda ya mradi faili ya maandishi yenye matoleo yote uliyoyaandika mwanzoni, pamoja na visakinishi vya draiva zilizotumika. Atakayekuja baada yako hatalazimika kununua mega ili avipakue upya.