Kuhamisha kompyuta za ofisi kutoka Windows 10 kwenda Windows 11

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla mteja hajanunua mashine mpya, kagua alizonazo. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc uone TPM (chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11), toleo lisomeke 2.0. Ikisema haipo, mara nyingi imezimwa tu: ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), washa TPM, inayoitwa PTT kwa prosesa za Intel au fTPM kwa za AMD. Lakini hifadhi kwanza ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la data za diski) nje ya mashine hiyo, kwani mashine ikiwaka inaweza kuudai, na bila ufunguo data zimepotea. Diski yenye mpangilio wa zamani wa MBR igeuze iwe ya mpangilio mpya wa GPT kwa programu ya mbr2gpt, ndipo uhamie UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine). Ukitanguliza UEFI, Windows haitafunguka. RAM ya GB 4 inakubalika, ila kwa uhasibu weka 8. Anza na mashine moja, ujaribu printa.