Stima ikipotea, linda jicho moja
Stima ikipotea usiku na macho yako yameshazoea giza, funika jicho moja kwa kiganja kabla ya kuwasha tochi ya simu kuingiza tokeni kwenye mita. Ukishaizima, ondoa kiganja: jicho lililofunikwa litaona ngazi za ploti wakati lile jingine bado haliambulii kitu. Kila jicho huzoea giza kivyake. Seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinazoona kwenye mwanga hafifu hutegemea rodopsini, kemikali ambayo mwanga mkali huivunja upesi sana, lakini kujijenga upya kikamilifu huchukua kama dakika 30. Kufumba tu hakutoshi, maana kope hupitisha mwanga. Tena usikikodolee kitu unachokitafuta. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu katikati kabisa ya retina seli hizo hazipo. Ndiyo maana nyota hafifu hupotea ukiikazia macho.

Mbinu hii haisaidii kama stima imepotea sasa hivi tu, kwa kuwa hakuna jicho lililozoea giza la kulinda. Kwenye giza totoro pia haifai. Lazima pawe na mwanga kidogo, hata wa mwezi. Na jicho moja halikadirii vizuri kina cha vidato, kwa hivyo shika reli, tafadhali. Mtu ambaye haoni kabisa giza linapoingia jioni wakati wenzake wanaona aende kliniki ya macho: upungufu wa vitamini A huanza hivyo, hasa kwa watoto.