Tokyo kwa mpenzi wa teknolojia: anzia chini ya reli

Wenzetu wengi wanaofika Japani kwa masomo au kazi, hasa waliokulia karibu na meza ya fundi redio, hutenga Jumapili yao ya kwanza kwa ajili ya Akihabara, mtaa wa Tokyo ambao jina lake hutajwa popote panapozungumzwa habari za vifaa vya elektroniki. Hushuka kwenye treni, huifuata barabara kuu ya Chuo-dori, hupiga picha za mabango ya katuni, kisha hurudi bwenini wakiwa wamenunua kifuniko cha simu. Mwongozo huu umeandikwa ili siku hiyo isipotee namna hiyo, kwa kuwa Tokyo inaweza kumfundisha mtu jinsi vitu vinavyotengenezwa, mradi ajue pa kuanzia.

Ukishuka kituo cha Akihabara, tafuta mlango wa kutokea uitwao Denkigai, maana yake mtaa wa umeme. Hatua chache kutoka hapo, chini kabisa ya njia ya reli ya Sobu, kuna soko dogo liitwalo Radio Center. Baada ya vita vya pili vya dunia, wachuuzi wa vipuri vya redio walitandaza bidhaa zao barabarani katika eneo la Kanda. Mwaka 1949 utawala wa majeshi yaliyoikalia Japani uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe, na wachuuzi hao wakapewa nafasi chini ya reli. Vibanda vyao vingali vyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kugeuka upande, na kila muuzaji ana fani yake: huyu swichi tu, yule nyaya, mwingine transista na valvu za redio za zamani. Aliyewahi kuzunguka Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam akitafuta kipuri kimoja ataielewa hali hii mara moja. Tofauti kubwa ni kwamba bei imeandikwa na haipunguzwi kwa maneno, kwa hiyo usijaribu kupatana, na uwe na fedha taslimu, maana si kila kibanda hupokea kadi.

Ukishazunguka hapo, nenda Akizuki Denshi, duka la vipuri lisilokuwa mbali. Nalipendekeza kwa wageni kuliko mengine kwa sababu moja: kila bidhaa ina namba yake, na namba hiyo hiyo iko kwenye tovuti ya duka pamoja na maelezo ya kiufundi. Andika orodha yako ya rezista, kapasita, vihisio na bodi za majaribio ukiwa nyumbani, ukiweka namba ya kila kimoja, nawe utanunua bila kulazimika kujua Kijapani. Kama unanunua bodi yenye Wi-Fi au Bluetooth, hakikisha ina alama ya giteki, ambayo ni uthibitisho kwamba kifaa cha mawimbi kinakubaliwa na sheria za Japani. Mgeni wa muda mfupi huruhusiwa, kwa masharti, kutumia kifaa cha Wi-Fi alichokuja nacho kwa siku 90, lakini wewe unayeishi huko huna nafuu hiyo, na bodi ya bei nafuu iliyoagizwa kutoka nje bila alama hiyo inaweza kukuingiza kwenye kosa bila wewe kukusudia.

Utakutana pia na makasha yaliyoandikwa janku. Ni mtumba usio na dhamana: kifaa hakijapimwa, pengine hakiwaki kabisa, na ukishakilipia hakirudishwi. Kwa mwanafunzi anayejifunza kulehemu hakuna shule nzuri kuliko hiyo, kwa sababu unaweza kufungua, kukata na kuunganisha upya bila kuumia moyo kwa gharama.

Kabla hujanunua kitu kwa nia ya kukipeleka nyumbani, simama kwanza kwenye suala la umeme. Japani hutumia volti 100, ilhali Kenya, Tanzania na Uganda hutumia volti 230 hadi 240, na kifaa kilichoandikwa volti 100 peke yake kitaungua mara kitakapochomekwa kule. Soma maandishi madogo nyuma ya kifaa au kwenye chaja. Yakisema 100-240V, unahitaji adapta ya plagi tu. Japani yenyewe imegawanyika kwa masafa ya umeme: Tokyo na mashariki hutumia hezi 50, Osaka na magharibi hezi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Kijerumani na Osaka ikanunua za Kimarekani, na hadi leo nchi haijaunganisha mifumo hiyo miwili kuwa mmoja.

Redio nayo ina mtego wake, na mtego huu tunaujua bila kujua tunaujua. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 95, wakati kwetu stesheni zimetandazwa hadi 108. Ndiyo maana gari lililotoka Japani likifika Mombasa au Dar es Salaam redio yake hukosa nusu ya stesheni mpaka fundi aifungie kifaa cha kubadilisha masafa. Redio ya mkononi uinunuapo Akihabara, angalia kwanza kipimo chake kinaishia wapi. Kompyuta mpakato nazo kwa kawaida huja na kibodi ya mpangilio wa Kijapani, ambayo huzoeleka, ila mzazi uliyemnunulia kama zawadi anaweza asiifurahie.

Kuhusu kodi, mabango ya bidhaa zisizotozwa kodi yanawahusu wageni wa muda mfupi. Mtu anayefanya kazi Japani, au aliyekaa miezi sita na zaidi, huhesabiwa kuwa mkazi, na hulipa ile asilimia 10 kama wenyeji. Betri za akiba na benki za umeme hazipakiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege, zibebe mkononi.

Barabara kuu si ya kudharauliwa, lakini iwe ya pili. Jengo la Radio Kaikan, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014, leo limejaa sanamu za wahusika wa katuni na kadi za michezo, na wengi hupita humo bila kujua kwamba katika jengo lililotangulia, mwaka 1976, kampuni ya NEC ilifungua ukumbi ulioitwa Bit-INN kwa ajili ya watu walionunua TK-80, bodi ya kujifunzia kompyuta. Vijana walikusanyika pale kuulizana na kusaidiana, na ndipo utamaduni wa kompyuta binafsi ulipoota mizizi Japani. Wapenzi wa michezo ya video ya zamani waende duka la Super Potato. Jumapili alasiri magari huzuiwa Chuo-dori kuanzia saa 7 mchana, na kutembea huwa raha. Ukiwa na nusu saa ya ziada, panda hadi hekalu la Kanda Myojin, ambako huuzwa hirizi ya kuilinda kompyuta na taarifa zake. Watu wa ofisi za teknolojia huinunua kwa imani kamili, na ni vema kuingia hapo kwa heshima ileile.

Vituo viwili tu kutoka Akihabara kwa reli ya Yamanote utafika Ueno. Katika Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe na Sayansi imehifadhiwa FUJIC, kompyuta ya kwanza ya kielektroniki ya Japani, iliyoanza kazi mwaka 1956 ikiwa na valvu zipatazo 1,700. Aliyeiunda, Okazaki Bunji, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya filamu za picha, aliyechoshwa na mahesabu ya kusanifu lenzi. Aliifanya kazi hiyo karibu peke yake. Binafsi naona kitu hiki kimoja kinastahili safari kuliko maduka yote ya sanamu.

Makumbusho ya sayansi ya Miraikan, kwenye kisiwa cha Odaiba, hufungwa Jumanne. Watu huenda kutazama dunia kubwa ya kipenyo cha mita 6 inayoning'inia ukumbini, lakini zingatia pia kwamba tangu mwaka 2021 inaongozwa na Asakawa Chieko, mwanasayansi wa kompyuta asiyeona, ambaye utafiti wake uliwezesha wasioona kusikiliza kurasa za mtandao. Uliza kuhusu begi lenye akili bandia linalomwongoza asiyeona njiani. Mradi huo ni wake.

Safari ya mwisho itakutoa nje ya jiji. Kutoka Akihabara hiyo hiyo, treni ya haraka ya Tsukuba Express hufika Tsukuba kwa dakika 45, na basi hukupeleka kituo cha JAXA, shirika la anga la Japani, ambako roketi halisi ya H-II imelazwa nje kwenye nyasi. Ndani kuna mfano wenye ukubwa kamili wa Kibo, maabara ya Japani iliyoko kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kwa Kijapani neno hilo ni matumaini, ingawa Mtanzania hawezi kulisikia bila kukiona kilele cha Kilimanjaro. Kutoka maabara hiyo, inayoongozwa na wataalamu walioko hapo hapo Tsukuba, ndiko ilikoachiwa angani setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, mwezi Mei 2018, kisha RWASAT-1 ya Rwanda mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwezi Desemba 2022, iliyoundwa na wahandisi Waganda waliokuwa wakisoma katika taasisi ya teknolojia ya Kyushu. Ile ya Kenya ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Simama mbele ya mfano ule, utafute mlango mdogo wa kutolea vifaa nje, kisha upime kwa viganja vyako kitu kilichopita hapo.