Somo: Kumfundisha mwalimu wa friji aache kupuliza gesi hewani

Hili ni la walimu wenzangu wa friji na viyoyozi, Mtwara na Lindi. Wengi tulifundishwa hivi: fungua, puliza gesi nje, jaza nyingine. Nasi tukawarithisha vijana. Mwanafunzi haigi ubao, anaiga mkono wako, kwa hiyo mafunzo ya walimu yaanzie kwenye mikono yao.

Hatua ya 1: Mizani. Mwalimu anyonye gesi ya kiyoyozi kibovu kwa mashine, aiingize kwenye mtungi uliokaa juu ya mizani, asome uzito. Hapo ndipo umpe hesabu: kilo 1 ya R-410A, gesi ya viyoyozi vingi, ikitoka hewani hupasha dunia joto kama kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani, ni 1,810, tena inakula ozoni. R-290, yaani propani, ni kama 3 tu. Mtungi usipite asilimia 80, maana gesi iliyogeuka kimiminika hutanuka kwa joto, na jua letu mnalijua.

Hatua ya 2: Kuvuja. Huku pwani chumvi inakula koili za nje. Pakacha likivuja nafuu ya mchukuzi. Koili ikivuja nafuu ya fundi, ataitwa tena! Pima kwa naitrojeni yenye regyuleta na povu la sabuni. Oksijeni marufuku: ikikutana na oili ya kompresa inalipuka.

Hatua ya 3: Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, hadi mikroni 500 (mikroni ni kipimo cha vakyumu), funga vali, subiri. Geji ikipanda, kuna unyevu au tundu. Na ile kompresa ya friji kuukuu tunayoifanya pampu, iondoeni darasani.

Hatua ya 4: Chaji, yaani jaza gesi, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha kifaa. Basi.

Hatua ya 5: Gesi zinazowaka, R-290 na R-600a (isobutani). Hapa msiharakishe. Propani huwaka ikifika kati ya asilimia 2.1 na 9.5 ya hewa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama sakafuni. Dirisha la juu halisaidii kitu. Fungua mlango, ziba mashimo ya sakafu, swichi zisiguswe. Bomba likatwe kwa kikata bomba, si kwa moto. Kisha kila mwalimu afundishe hatua hii mbele ya wenzake, wamkosoe.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. Chuoni kwetu hakuna mashine ya kunyonya.

Jibu: Marahaba. Kiyoyozi cha ukutani ambacho kompresa yake bado nzima, funga vali ya bomba jembamba kikiwa kinafanya kazi. Gesi itajikusanya kwenye kitengo cha nje. Geji ikikaribia sifuri funga bomba nene, zima hapo hapo. Kwa friji, njia hii haifai, hapo mashine lazima.

Mwanachama, Nachingwea: Gesi ya kupikia si propani hiyo hiyo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ni mchanganyiko wa propani na butani, imetiwa harufu, na haikukaushwa kwa kazi yetu. Kapilari, kile kibomba chembamba cha kupitisha gesi, itaziba.

Mwanachama, Kilwa: Mteja ana kiyoyozi cha R-22, nimwekee R-290?

Jibu: Kitapoa, tena vizuri. Lakini swichi na relei zake hazikuundwa kukaa karibu na gesi inayowaka. Ziba panapovuja, kitunze. Kikifa, anunue kilichotengenezwa kwa R-290 au R-32 tangu kiwandani, maana kwa nchi kama yetu Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, inaifungia R-22 mwaka 2030, ikibakiza kiasi kidogo tu cha matengenezo.