Namna ya kupasua ua la avoka na kuona sehemu zake zinavyoumbika

Mmea ambao nasaba yake ilijitenga na mimea mingine yote ya maua kabla ya nyingine yoyote iliyopo leo ni Amborella, na huota Kaledonia Mpya tu. Sisi wa Bukavu tunao mti wa avoka uani. Avoka si babu wa maua yote. Ni wa ukoo mkongwe wa magnolia na pilipili manga, na ua lake limetunza baadhi ya desturi za kale.

Chuma shada lenye matumba ya kila umri, kuanzia yaliyo kama punje ya ulezi hadi yanayokaribia kufunguka. Andaa wembe mpya, sindano, karatasi nyeupe na kioo cha kukuzia.

Anza na ua lililokwisha kufunguka, ukihesabu kwa tatu-tatu kutoka nje. Utakuta majani sita madogo ya kijani-njano yenye vinyweleo, yanayofanana kiasi kwamba huwezi kusema lipi ni sepali (jani la nje linalofunika tumba) na lipi ni petali (jani la ndani, la rangi). Ndiyo maana huitwa tepali. Kisha huja stameni, yaani viungo vya kiume, tisa zenye chavua (unga wa kiume), na kila moja ya zile tatu za ndani ina tezi mbili za nekta kwenye shina lake. Halafu stameni tatu tasa. Na katikati kabisa, karpeli, yaani kiungo cha kike, moja yenye kijiyai kimoja. Itazame ncha ya stameni kwa subira: ina vilango vinne vya kutolea chavua vinavyofunuka kuelekea juu.

Sasa pasua matumba kwa urefu, dogo kwanza. Katika changa kabisa tepali zimekwisha kufunika, stameni bado ni vinundu, na karpeli ndiyo ya mwisho kuinuka.

Mwaka 1991 wanabiolojia Coen na Meyerowitz walieleza kwamba makundi matatu ya jeni (maagizo ya urithi), A, B na C, huamua kila duara la sehemu za ua liwe nini: A peke yake sepali, A na B petali, B na C stameni, C peke yake karpeli. Kwa avoka mipaka hiyo haikukatwa kwa wembe: jeni za B hufanya kazi hata kwenye tepali za nje.

Usishtuke ukikuta vilango vimefungwa. Mara ya kwanza mimi nililitupa shada zima nikidhani ni bovu. Ua la avoka hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha siku ya pili likiwa dume. Lifunge uzi ua ulilolichagua, ulirudie kesho yake asubuhi na alasiri.